Tusafishe Picha, Tusifute Sura

Ndugu msomaji, wazazi wetu walipopeleka mkanda wa filamu studio, walisema wanakwenda "kusafisha picha". Hawakuwa na maana ya kuondoa uchafu. Mkanda ulizamishwa katika dawa gizani, ukaoshwa kwa maji, na sura zilizokuwa zimejificha ndani yake zikatokea. Kusafisha picha kulikuwa ni kuitoa sura ya mtu ionekane. Neno hilo bado tunalo, lakini kazi imegeuka. Leo ukimwomba kijana wa studio akusafishie picha, mara nyingi ataanza kwa kulainisha ngozi, atafuta makunyanzi, atakuongezea weupe, na akiwa na muda atakupunguzia pua. Zamani tulisafisha ili sura itokee. Siku hizi tunasafisha hadi sura inapotea.

Naandika haya nikiwa frateri wa falsafa mwenye umri wa miaka 25, na mwanafunzi wa upigaji picha kwa mwaka wa pili sasa. Sina studio wala cheti. Nina simu ya kawaida, kamera kuukuu aliyonipa mjomba, na lenzi moja ya milimita 50. Picha ninazopenda kupiga ni za watu: nyuso za wenzangu, za wazee wa kigango, za akina mama wa jikoni wanaocheka ingawa wamechoka. Kadiri ninavyojifunza ndivyo ninavyozidi kuamini jambo moja, nalo ndilo ninalotaka kulitetea hapa. Anayejifunza burudani hii ajifunze mwanga kabla ya kujifunza kuhariri, na akifika kwenye kuhariri, ahariri picha, asimhariri mtu.

Je, burudani hii ina nafasi katika malezi yetu?

Wapo wanaoona kwamba kamera mkononi mwa mseminari ni mlango wa kujionyesha. Hofu hiyo si ya bure, kwa kuwa simu inayopiga picha za wengine ndiyo hiyo hiyo inayoweza kugeuzwa kumpiga mwenyewe mara hamsini kwa siku. Lakini Mtakatifu Thomas wa Akwino, anapouliza katika Summa Theologiae kama kunaweza kuwa na fadhila katika michezo, anasimulia kisa cha Mtakatifu Yohane Mwinjili. Watu walikwazika kumkuta akicheza na wanafunzi wake. Yohane akamwambia mmoja wao aliyekuwa na upinde arushe mshale. Alipokwisha kurusha mara kadhaa, akamwuliza kama anaweza kuendelea hivyo bila kupumzika. Yule mtu akajibu kwamba upinde ungevunjika. Yohane akasema kwamba na akili ya mtu ni vivyo hivyo, ikikazwa bila kulegezwa huvunjika. Sisi tunaoshinda na vitabu vya mantiki na metafizikia tunaujua vizuri upinde huo.

Tena burudani hii hailegezi akili tu, huifunza pia. Aristotle anafundisha kwamba fadhila tunazipata kama tunavyopata ufundi, yaani kwa kuzitenda: mjenzi huwa mjenzi kwa kujenga. Anayepiga picha za watu hujizoeza kutazama. Huwezi kupata picha nzuri ya uso wa mtu ambaye hujamtazama. Baada ya miaka hii miwili namjua mwenzangu ambaye hufumba macho kila anapocheka, na yule ambaye uso wake hutulia pale tu anapozungumza habari za nyumbani kwao. Kwa kijana anayetazamia kuwa mchungaji wa watu, hayo si mafunzo madogo.

Gharama nayo isitutishe. Simu ambayo wengi tunayo inatosha kuanzia. Programu za kuhariri zipo za bure: GIMP na darktable kwa kompyuta, Snapseed kwa simu. Muda wa saa mbili za Jumamosi mchana, baada ya kazi za mikono, unatosha kwa mtu asiye na haraka. Haba na haba hujaza kibaba.

Mwanga kabla ya programu

Kasoro nyingi tunazokimbilia kuzirekebisha kwenye kompyuta huzaliwa na mwanga mbaya. Mfano tulionao kila wiki ni huu: mafrateri wamevaa kanzu nyeupe, wamesimama mbele ya ukuta mweupe wa kanisa, saa saba mchana, jua likiwa utosini. Picha ikitoka, kanzu zinameremeta na nyuso zimekuwa vivuli. Macho hayaonekani kabisa, kwa sababu jua la utosini hutupa kivuli cha paji la uso ndani ya macho. Mtu akitazama picha hiyo husema, "Tumetoka weusi mno, tung'arishe."

Hapo ndipo tunapopotea. Kamera haina chuki na mtu yeyote, inafanya hesabu tu. Inachukua kila kilichomo ndani ya fremu na kukadiria mwanga kana kwamba wastani wake ni kijivu cha kati. Ukuta mweupe na kanzu nyeupe vikijaa fremu, kamera hudhani mwanga umezidi, hivyo huupunguza. Uso ulio katikati ya weupe huo unabaki gizani. Kwa hiyo kilichokosewa ni kipimo cha mwanga, na uso hauna kosa lolote. Ukigusa uso wa mtu kwenye kioo cha simu, kisha ukaburuta alama ya jua juu kidogo, kamera hupima upya kwa kufuata uso. Na ukiwahamishia wenzako kwenye kivuli cha mwembe au barazani, wakaugeukia upande ulio wazi, utashangaa. Ngozi nyeusi katika mwanga laini wa pembeni ina mng'ao ambao hakuna programu inayoweza kuutengeneza.

Umbali nao ni somo. Wengi wakitaka uso ujae fremu husogea karibu sana na simu, na matokeo yake pua huonekana kubwa na masikio hurudi nyuma. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walionyesha kwa hesabu kwamba picha iliyopigwa umbali wa sentimita 30 hivi huifanya pua ionekane pana kwa takriban asilimia 30 kuliko ilivyo. Rudi nyuma hadi mita moja na nusu au mbili, kisha ikate picha baadaye, na pua ya mtu itarudi kuwa pua yake. Ni watu wangapi wameomba wapunguziwe pua kwa sababu tu mpigapicha alisimama mahali pasipofaa?

Yafaa pia tujue kwamba vyombo vyenyewe vina historia yake. Kwa miongo mingi ya karne ya 20, maabara za kusafishia filamu zilipangilia rangi kwa kutumia kadi za mfano kutoka kampuni ya Kodak. Kadi hizo zilikuwa na picha ya mwanamke mzungu, na ziliitwa kadi za "Shirley" kwa jina la mfanyakazi wa kampuni hiyo aliyekuwa wa kwanza kupigwa picha kwa kazi hiyo. Rangi za mashine zikipatana na ngozi ya Shirley, kazi ilihesabiwa kuwa nzuri. Sisi tulitoka kama tulivyotoka. Waliokuwa wafanyakazi wa Kodak walieleza baadaye kwamba katika miaka ya 1970 kampuni ilisukumwa kuboresha rangi za kahawia na malalamiko ya watengenezaji wa samani za mbao na wa chokoleti, ambao bidhaa zao hazikutoka vizuri pichani. Fikiri jambo hilo, ndugu msomaji. Mbao na chokoleti zilisikika kabla ya nyuso za watu. Hata mwaka 2021 kampuni ya Google ilipotoa simu ya Pixel 6, ilitangaza kama jambo jipya kwamba kamera yake imefanyiwa kazi ili ioneshe ngozi nyeusi kwa usahihi.

Kwa hiyo kuna kuhariri ambako ni haki kabisa. Picha iliyotoka giza ukaiongezea mwanga hadi ngozi ya mtu ikafanana na ngozi yake, umemrudishia mwenyewe kilicho chake. Ukiendelea kuvuta hadi akawa mtu mwingine, umemnyang'anya.

Mkorogo wa kidijitali

Sote tunaujua mkorogo na madhara yake. Serikali imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, na wengi wetu tumewahi kusikia mahubiri yanayowakumbusha vijana kwamba rangi waliyozaliwa nayo si kosa. Lakini mkorogo wa kwenye simu tunaupaka kila siku. Baadhi ya simu huja na kipengele cha kurembesha uso kikiwa kimewashwa tayari, hata mwenye simu hajui kwamba hajawahi kujiona kama alivyo. Kadi za mwaliko wa upadrisho zinatoka na shemasi mweupe kuliko ndugu yake wa tumbo moja aliyesimama pembeni yake. Picha za Komunyo ya kwanza zinatoka na watoto wa miaka kumi waliolainishwa ngozi. Nauliza, ngozi ya mtoto wa miaka kumi inalainishwa iwe nini?

Thomas wa Akwino anataja mambo matatu yanayodaiwa na uzuri: ukamilifu, uwiano na mng'ao. Nimeyatafakari mara nyingi nikiwa mbele ya kompyuta. Ukamilifu unadai kitu kisipungukiwe na kile kilicho chake, na uso wa mzee uliofutwa makunyanzi umepungukiwa. Uwiano unavunjika pale shingo inapobaki na rangi yake na uso ukawa na nyingine. Na mng'ao si weupe. Mng'ao ni ile hali ya kitu kujidhihirisha kama kilivyo, na uso mweusi kama mkaa unaweza kuwa nao kwa wingi, kama vile uso uliopaushwa kwa filta unavyoweza kuukosa kabisa. Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Jambo hili linauma zaidi msibani. Alipofariki bibi mzaa mama, nilipewa kazi ya kutafuta picha ya kuweka mbele ya jeneza. Tulikuwa na mbili tu. Moja ilikuwa ndogo sana, ya kitambulisho. Nyingine ilipigwa kwenye harusi ya binamu yangu, kubwa na yenye rangi nzuri, lakini aliyeihariri alikuwa amefanya kazi yake barabara: mashavu ya bibi yalikuwa laini kama sahani, kovu la kidevuni alilolipata utotoni kwa kuanguka na mtungi halikuwapo, na macho yalikuwa yameongezwa ukubwa. Mama aliipenda kwa kuwa ilikuwa kubwa. Kisha kitukuu wa miaka sita akaitazama, akauliza, "Huyu ni nani?" Hakuna aliyemjibu. Tukaikuza ile ya kitambulisho. Ilikuwa na chembechembe na ukungu, lakini kila aliyeingia uani alijua ni nani tunayemlilia.

Picha ya mtu ina siku ambayo itasimama mahali pake, naye hatakuwapo kusema, "Huyu siye mimi." Anayeihariri leo anamhariri pia yule atakayekumbukwa kesho. Hilo ndilo lililo hatarini, na ndiyo maana siwezi kuliona kuwa ni suala la mapambo tu.

Kisa cha Lisieux

Kanisa lenyewe lina kisa kinachotufundisha katika jambo hili. Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu alifariki katika monasteri ya Wakarmeli ya Lisieux, Ufaransa, mwaka 1897, akiwa na miaka 24. Dada yake Céline aliingia katika monasteri hiyo mwaka 1894 akiwa na kamera yake, kwa ruhusa ya mkuu wa nyumba. Kwa sababu hiyo Teresa ni mmoja wa watakatifu wa karne ya 19 tulio na picha zao nyingi. Lakini baada ya kifo chake, picha zilizotolewa kwa waamini zilikuwa zimepitiwa kwa mkono wa Céline: zimelainishwa, zimepambwa, nyingine zimechorwa upya kabisa. Teresa alitangazwa mtakatifu mwaka 1925, na kwa miongo kadhaa dunia nzima iliujua uso wake kwa namna hiyo, mtamu na laini kama mwanasesere. Picha zenyewe bila kuguswa zilichapishwa mwaka 1961, miaka miwili baada ya Céline kufariki. Hapo waamini wakamwona msichana mwenye kidevu imara na macho yanayokutazama moja kwa moja. Uso ule ulimfaa zaidi mtu aliyeteseka kwa kifua kikuu huku akipambana na giza la imani.

Céline hakufanya hivyo kwa hila. Alimpenda mdogo wake, na aliamini kwamba kamera, iliyomlazimu mtu akae bila kutikisika kwa sekunde kadhaa, haikuinasa sura aliyoijua yeye. Hapo ndipo penye somo. Anayefuta uso wa mtu si lazima awe mdanganyifu. Aghalabu ni mtu anayempenda na anayemtakia mema, lakini hajakubali kwamba uso ule, kama ulivyo, unatosha. Na sisi tunaofundishwa kwamba kila mtu ameumbwa kwa sura na mfano wa Mungu tuna sababu ya ziada ya kusita kabla ya kushika kifutio.

Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza nimelisikia kwa mwenzangu tunayesoma naye epistemolojia. Anasema hakuna picha isiyo na uteuzi. Ukichagua mwanga wa pembeni badala ya jua la utosini, umekwisha kuhariri. Ukisubiri mtu atabasamu, umehariri. Kwa nini basi kuhariri kwa mwanga kuwe halali na kuhariri kwa programu kuwe haramu? Angeweza hata kuniongezea kisa cha Mfaransa Hippolyte Bayard. Mwaka 1840, mwaka mmoja tu baada ya ufundi wa picha wa Daguerre kutangazwa hadharani, Bayard alijipiga picha akijifanya maiti ya mtu aliyekufa maji, kwa uchungu wa kutotambuliwa kwa uvumbuzi wake. Kamera ilianza kusema uongo ikiwa bado kitandani mwa uzazi.

Nakubali kwamba kila picha ni uteuzi. Lakini kuteua si kughushi. Tunafundishwa kwamba ukweli ni ulinganifu kati ya akili na kitu. Ninapochagua saa nne asubuhi na kivuli cha mwembe, nachagua upande wa kweli wa kuuonyesha. Ninapomfuta mtu kovu, naonyesha kisichokuwapo. Tazama kazi za Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948. Wateja wake walivaa suti za studio, walishika redio, walikaa juu ya pikipiki isiyo yao, nyuma yao kukiwa na kitambaa chenye maua. Yote hayo yalipangwa. Hata hivyo nyuso zao ni nyuso zao, zenye chale zao na weusi wao, na zimejaa heshima. Keïta aliwapandisha hadhi bila kuwabadilisha. Naye Bayard anatufundisha kwamba uaminifu haukai ndani ya mashine. Unakaa kwa anayeishika, na ndiyo maana tunauhitaji.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mwenye uso mwenyewe ameomba! Uso ni wake, mimi ni nani nimkatalie? Sina jibu la kumdharau mtu huyo. Naamini tu kwamba mara nyingi anayeomba aongezewe weupe anaomba kitu kingine: anaomba aonekane vizuri, na hajawahi kuonyeshwa kwamba inawezekana akiwa na rangi yake. Dada mmoja wa kwaya aliniambia kabla sijafungua kamera, "Frateri, mimi usisahau kuning'arisha." Sikumhubiria. Nilimsimamisha mlangoni pa sakristia saa nne asubuhi, uso ukielekea nje, nyuma yake kukiwa na giza la chumba. Nilipomwonyesha picha alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Hii nitumie hivi hivi." Ipeni nyuso nafasi ya kujitetea kwenye mwanga mzuri kabla ya kuzipeleka kwenye programu.

Wale wanaofanya kazi hii kwa riziki siwanyoshei kidole. Mwenye studio ana kodi ya kulipa, na mteja akienda kwa jirani ameondoka na mkate wake. Sisi tunaopiga picha kwa kupenda hatuna mteja wa kumpoteza. Tusipoutumia uhuru huo kuonyesha kwamba inawezekana, nani atautumia?

Mpaka uwekwe wapi?

Kwa anayeanza, napendekeza taratibu hizi ambazo nimeona zinasaidia.

Salamu itangulie kamera. Mzee apewe shikamoo yake, aulizwe hali, aombwe ruhusa, na akisema hapana iwe hapana. Kwa mtoto, ruhusa ni ya mzazi. Na ukimpiga picha mtoto, shuka hadi macho yako yalingane na yake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Ukifika kwenye kuhariri, anza na yale yasiyomgusa mtu: nyoosha picha iliyopinda, kata ya pembeni, rekebisha mwanga, kisha rangi. Kanzu au shati jeupe litakusaidia hapa, kwa kuwa likionekana jeupe kweli, si la njano wala la bluu, ngozi nayo itakuwa karibu na ukweli wake. Ndipo uje kwenye uso, na hapo jiulize swali moja: je, hiki kitakuwapo baada ya wiki mbili? Chunusi ya leo, jasho, uzi kwenye kola, chenga ya mkate mdomoni, vyote hivyo vitaondoka vyenyewe, hivyo ukiviondoa hujadanganya. Kovu, kunyanzi, mwanya, chale, mvi, rangi ya ngozi, hivyo vitakuwapo, kwa sababu ndivyo alivyo. Viache.

Usitume picha siku ile ile uliyoihariri. Jicho huzoea, na kila unachoongeza huonekana kidogo. Lala nayo, kisha asubuhi iweke kando ya ile ya kwanza uone umetembea umbali gani. Ikiwezekana mwonyeshe mtu anayempenda mhusika, mama yake au mke wake. Wao hawajui histogramu ni nini, lakini wakisema "hapa siye", ujue siye. Na nakala ya asili usiifute kamwe, maana ndiyo shahidi wako.

Kwa uongozi wa jarida letu na kwa mafrateri wenzangu nina maombi mawili. La kwanza, picha zote zitakazotoka humu, pamoja na kadi zetu za ushemasi na upadrisho, zifuate kanuni hiyo ya wiki mbili. Waamini wanaotusubiri parokiani watatuona kwa macho yao siku ya kwanza tutakayofika, hivyo hakuna faida ya kuwatangulizia mtu mwingine. La pili, likizo ijayo kila mmoja wetu mwenye simu apige picha za wazee wa kigango chake, wakiwa wamekaa kwenye mwanga wa mlango wa nyumba zao, na ampe kila mzee nakala moja ya karatasi, iliyosafishwa kwa maana ile ya zamani. Wazee wetu wengi hawana picha nyingine isipokuwa ya kitambulisho. Wengine hawatakuwapo likizo itakayofuata.

Naomba kutoa hoja.